Jina Juu ya Katoni

Zipu ya sketi ya shule haina siri kubwa. Ni utepe, meno ya nailoni na kichwa cha kuvutia, na fundi wa Machakos huishona mahali pake kwa dakika chache huku akibishana na mteja mwingine juu ya kipimo cha kiuno. Lakini muulize dada yangu, mwenye duka la vifaa vya ushonaji pale mjini, zipu hiyo imetoka wapi. Atakuambia River Road, Nairobi. River Road wameitoa wapi? Eastleigh, kwa mwenye ghala. Na mwenye ghala je? Hapo dada huchomoa simu mfukoni na kukuonyesha picha ya kibanda kilichojaa zipu za kila rangi, kuanzia sakafuni hadi darini, katika soko la Yiwu, mkoa wa Zhejiang, China. Soko hilo lina vibanda zaidi ya 70,000, na ukipita mtaa wowote wa biashara hapa Afrika Mashariki, kuanzia vibanio vya nywele hadi maua ya plastiki, umelipita bila kujua.

Bei aliyopewa na muuzaji wa kibanda hicho ilikuwa karibu nusu ya ile anayolipa Nairobi. Dada si mtu wa kurukia mambo. Ameuza nyuzi, vifungo, lastiki na bitana kwa miaka mingi, na anaamini kwamba kitu kinachouzwa nusu bei kina nusu yake nyingine mahali fulani. Akaniambia anataka kuitafuta nusu hiyo mwenyewe kabla hajatuma hata shilingi. Kwa kuwa mimi huandika na yeye huhesabu, tukakubaliana kusafiri pamoja, Machakos hadi Nairobi, kisha Mombasa, tukiifuata kinyumenyume njia ambayo mzigo wake ungekuja nayo. Tulichagua katikati ya muhula, wakati sare zimekwisha kushonwa na mafundi wanakaa mlangoni wakinywa chai.

Matatu ilitoka stendi alfajiri, ikateremka hadi Makutano ya Kyumvi, ikaingia barabara kuu ya Mombasa na kuelekea Nairobi. Abiria wengi walisinzia. Dada hakusinzia, kwa sababu Athi River kuna kitu alitaka nikione: ukuta na mageti ya eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Humo ndani maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, hushona suruali na mashati ya kuvaliwa Marekani. Wengine wao ni majirani zetu.

"Kila suruali inayotoka mle ina zipu," alisema. "Na zipu yao na yangu huenda zimetengenezwa mtaa mmoja. Yao inapita langoni bila ushuru wala VAT, kwa sababu itavuka tena bahari ikiwa juu ya suruali. Yangu itavaliwa na mtoto wa kwetu Mwala, kwa hiyo inalipa zote."

Nikamwambia maeneo ya namna hiyo duniani kote yana utaratibu huo, na kwamba bila msamaha huo viwanda vingehamia kwingine.

"Sijalalamika," akajibu. "Nimehesabu tu."

Nimefikiria maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo. Kaunti moja, barabara moja, zipu ya namna moja, na bei mbili. Mtu anayetaka kuanza kuagiza bidhaa ng'ambo mara nyingi huanza kwa kuuliza nani anauza rahisi. Pale Athi River, hata kabla hatujafika Nairobi, dada alikuwa amekwisha kugundua kwamba muuzaji ni sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa huamuliwa na mlango ambao mzigo unaingilia, na jina la mwenye mzigo mbele ya mlango huo.

Kwa mtu mdogo wa Kenya, mlango huo kwa kawaida ni ghala la msafirishaji wa mizigo ya kuchanganya. Tulikwenda kwa mmoja Nairobi, ambaye sitamtaja. Kazi yake ni rahisi kueleza. Ana ghala China. Wewe ukishanunua, muuzaji wako hupeleka katoni zako kwenye ghala hilo, zikachanganywa na za watu wengine wengi hadi kontena lijae. Yeye ndiye anayelisafirisha, kulilipia bandarini na kulifungua Nairobi. Anakupigia hesabu kwa mita ya ujazo kama mzigo umekuja kwa meli, kwa kilo kama umekuja kwa ndege. Zipu ni nzito na hazina haraka. Zipu ni za meli.

Mle ghalani katoni zilipangwa hadi karibu na taa. Kila moja ilikuwa na maandishi ya kalamu nene: herufi mbili tatu za mwenye mali, namba ya simu, na mji. Nilisoma MERU, KISII, GARISSA, BUNGOMA, na ESLI, yaani Eastleigh, mara nyingi kuliko jina jingine lolote. Kijana mwenye futi ya chuma alipima katoni moja urefu, upana na kimo, akaandika daftarini, akasogea kwenye nyingine. Mwanamke aliyekuja kuchukua mabeseni yake alimsimamisha. Katoni yake ilikuwa imevimba ubavuni.

"Hii imevimba kwa unyevu. Mimi nililipia beseni, sikuagiza maji ya bahari. Pima kwenye pembe, usipime tumboni."

Kijana akapima kwenye pembe. Dada akaniangalia kwa jicho la mtu aliyepata somo la bure.

Kisha akauliza swali lake kwa mhasibu wa pale, binti mpole aliyekuwa akila mandazi juu ya kikokotoo. "Katika hii bei ya mita moja ya ujazo, ushuru uko wapi?"

"Kila kitu kimo ndani, mama."

"Najua kimo. Nionyeshe karatasi yake."

Karatasi haikuwepo, na haikutarajiwa kuwepo. Mzigo wote hutangazwa forodhani kwa jina la mwenye kontena. Zipu za mtu wa Machakos, mabeseni ya mtu wa Meru na redio za mtu wa Kisii ni mali ya mtu mmoja machoni pa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Unachopewa wewe ni risiti ya usafirishaji. Ukiulizwa siku moja ulilipa ushuru gani kwa mali iliyo rafuni mwako, utaonyesha risiti ya lori.

Hayo si mambo ya kufikirika. Mwaka 2018 serikali ilipoanzisha msako mkali dhidi ya bidhaa za magendo na bandia, makontena mengi ya aina hiyo yalizuiliwa, hasa kwenye bandari ya nchi kavu ya Embakasi, na wafanyabiashara wa Nyamakima, Nairobi, wakaingia barabarani kuandamana. Wengi wao hawakuwa walanguzi. Walikuwa na maduka ya futi sita kwa sita na mikopo ya chama. Lakini mwenye viatu halali hangeweza kuvitoa viatu vyake peke yake, kwa sababu ndani ya kontena lilelile huenda kulikuwa na mtu aliyeficha kitu, na kwenye makaratasi wote walikuwa mtu mmoja. Jirani ndani ya kontena humchagui.

Sisemi hivyo kuwaponda wasafirishaji hao. Bila wao meza nyingi za masoko ya Kamukunji na Gikomba zingekuwa tupu, na mama wa Bungoma hangewahi kununua kitu moja kwa moja China. Wamefupisha njia iliyokuwa ya matajiri peke yao. Ninachosema ni kwamba mtu anapaswa kujua amenunua nini. Amenunua usafiri na ukimya, na ukimya hutosha hadi siku ya kuulizwa.

Treni ya Mombasa tuliipandia Syokimau. Ukiwa Mkamba huwezi kupita kituo hicho bila kumtaja mwenye jina. Syokimau alikuwa mtabiri wa vilima vya Iveti katika karne ya 19, na wazee husimulia kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka ziwa kubwa moja hadi jingine, na watu wageni waliobeba moto mifukoni. Nyoka akawa reli, moto ukawa kiberiti. Kinachosahaulika ni kwamba nyoka alipokuja aliipita Machakos kando. Mji wetu ulikuwa kituo cha Waingereza kabla ya Nairobi kuwa hata kijiji. Reli ikachukua njia ya nyanda, ikafika Nairobi mwaka 1899, na utawala ukaifuata. Hata reli mpya, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na makontena mwanzoni mwa 2018, inapita nyanda zilezile. Mzigo wa Machakos huupita Machakos kando kwanza, ukaenda Nairobi, ndipo ukarudi nyuma kwa lori. Dada hulipa nauli hiyo ya kurudi nyuma kila wiki.

Kila tulipopishana na treni ya mizigo alijaribu kuyahesabu makontena, akaishia kukasirika kwa sababu yalikwenda haraka. Baada ya Mtito Andei akalala. Mimi nikakaa nikiitazama nyika ya Tsavo na kufikiria waliopita humo kwa miguu. Kabla ya Mwingereza kufika, misafara ya Wakamba ya watu mamia ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo ilikuwa merikani, iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar kwa meli za Salem, Massachusetts. Shanga nyingi zilitoka Venisi. Kivui wa Mwendwa wa Kitui, mfanyabiashara wa misafara hiyo, ambaye mmisionari Krapf alimfikia mwaka 1849, hakuwahi kuiona Salem wala Venisi, lakini alijua ni shanga ya rangi gani ingekubaliwa bara na ipi ingerudishwa. Na misafara ile ilihitaji kitu ambacho dada alikuwa akikitafuta: mtu wa kule pwani anayekujua kwa jina. Undugu wa kuchanjana ulikuwa karatasi ya wakati ule.

Wetu wa pwani ni mjomba. Anaishi Changamwe, ambako Wakamba wamekuwepo kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wao huongea Kiswahili cha Mombasa na kucheka cha kwetu. Alifanya kazi ya uwakala wa forodha hadi alipostaafu. Dada amepewa jina la mama wa mjomba, kwa hiyo mjomba humwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na humpa heshima ya mama hata anapomkaripia.

"Karibu mwaitu. Umekuja kununua bahari?"

"Nimekuja kuuliza bei yake, mjomba."

Baada ya chakula mjomba aligeuza kalenda ya mwaka uliopita, akaweka kalamu juu ya upande mweupe. Swali lake la kwanza lilikuwa bei ile ya simu ni ya wapi. Dada akasema ya Yiwu. Mjomba akatikisa kichwa. Alitaka kujua kama ni bei ya mlangoni kwa muuzaji, ambapo mnunuzi ndiye anayetafuta gari la kufika bandarini, au ni FOB, mzigo ukiwa umepandishwa melini kwenye bandari ya Ningbo kwa gharama ya muuzaji. Dada alifungua mazungumzo, akasoma, akakunja uso. Ilikuwa ya mlangoni.

"Basi hiyo bado si bei," alisema mjomba. "Hiyo ni salamu."

Akaandika. Tuseme thamani ya zipu, ukijumlisha nauli ya meli na bima, ni shilingi 100,000. Bima ya baharini ni lazima inunuliwe kwa kampuni za Kenya tangu mwaka 2017, watu husahau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vikuu vinne vya ushuru wa forodha: sifuri, asilimia 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Mzigo huwekwa katika kiwango chake kwa tarakimu za utambulisho wake kwenye kitabu cha ushuru, na wakala mzuri hujulikana kwa namna anavyokisoma kitabu hicho. Mjomba akachukua asilimia 25 kwa mfano: shilingi 25,000. VAT ya asilimia 16 haitozwi kwenye laki moja. Hutozwa kwenye laki moja pamoja na ushuru, yaani 125,000, na hiyo ni 20,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 2,500. Tozo ya kuendeleza reli, asilimia 2, ni 2,000. Akapiga mstari chini.

Shilingi 49,500.

Dada alizisoma zile tarakimu kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. "Nusu nyingine hiyo hapo," alisema.

"Na wakala hajala," mjomba akaongeza. "Bandari haijala. Lori halijala. Shirika la Viwango, KEBS, linataka bidhaa nyingi zikaguliwe hukohuko zinakotoka na kupewa cheti kabla hazijapanda meli. Zikija bila cheti zitakaguliwa hapa, na hapa ni ghali zaidi. Mzigo ukikaa bandarini kupita siku za bure, unalipia nafasi. Ukikaa sana unatangazwa gazetini na kupigwa mnada. Nimeona magari ya watu, nguo za watu, hata majeneza, yakinunuliwa mnadani na mtu asiyejua yalikuwa ya nani."

Nikauliza, kama hesabu ni hiyo, wale wa River Road wanapataje faida. Ni swali la mtu asiye na duka. Dada ndiye aliyenijibu: nao hulipa yote hayo, kisha wakaweka faida yao juu, na wa Eastleigh aliyewatangulia akaweka yake. Mwagizaji mpya haokoi ushuru. Anachookoa ni faida ya mikono miwili. Na hiyo anaiokoa kama ana mzigo wa kutosha, kwa sababu malipo ya wakala, ya makaratasi na ya safari ya lori hayapungui sana eti katoni zako ni sita. Katoni sita zikiingia kwa jina lako mwenyewe, jina hilo litagharimu kuliko zipu. Zikiingia kwa jina la mwenzako, ni rahisi, lakini hazina mwenyewe. Mwanzo wa biashara hii uko katikati ya mambo hayo mawili, na sijaona njia ya kulikwepa hilo.

Mjomba alikuwa na jambo moja zaidi, na alilisema akiwa amesimama tayari kwenda kuswaki. Muuzaji wa China kwa kawaida hutaka asilimia 30 ya bei kama arbuni na 70 kabla mzigo haujapakiwa. Baina ya malipo hayo mawili kuna wiki kadhaa, na dola haikai ikikungojea. Katikati ya mwaka 2023 ilikuwa kama shilingi 140. Januari 2024 ilifika karibu 160. Mwaka huo haujafika nusu, ikarudi karibu 130. Aliyetoa arbuni mwaka 2023 akisubiri kumalizia mwezi wa Januari alimalizia kwa machozi. "Weka kando dola za malipo ya pili siku ileile unayotuma arbuni," alisema. "Usiku mwema, mwaitu."

Asubuhi tulipanda feri ya Likoni bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa ajili ya kutazama tu. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini na feri zote zikasimama kuipisha. Ilipita karibu kiasi kwamba dada aliweza kusoma kutu kwenye ubavu wake. Masanduku yalipangwa juu yake kama rafu za duka, mekundu, ya kijani, ya buluu, bila jina la mtu hata mmoja, majina ya kampuni za meli tu.

Sasa niseme juu ya mchongaji mmoja tuliyemkuta hukohuko, kwani ndiye aliyetufaa kuliko ghala, reli na bandari zikiwekwa pamoja.

Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, mabanda marefu ambamo wanaume hukaa chini wakichonga na wengine hupiga msasa na rangi. Sanaa hiyo ilianzia kwetu: Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nayo nyumbani, na kutoka kijiji kimoja ikaenea hadi pwani. Ilikuwa mpingo na muhugu; siku hizi, kwa kuwa miti hiyo imekuwa adimu, mwarobaini mwingi hutumika. Tulikwenda kumsalimu mzee mmoja, jirani wa mjomba na mtu wa Wamunyu. Alikuwa na twiga katikati ya nyayo zake, akimchonga shingo kwa shoka dogo, na hakuacha kuchonga kwa sababu ya wageni.

Watu hawa ni wauzaji wa ng'ambo. Kwa miaka mingi maduka ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakiwaagiza twiga, vifaru, vijiko vya saladi na vinyago kwa maelfu. Yaani mzee yule ndiye yule muuzaji wa Yiwu, ila anaongea Kikamba. Dada alilitambua hilo kabla yangu. Akavuta kigoda.

"Mzee, mimi nimekuja kuwa mteja wa mtu aliye mbali. Nifundishe mteja anadanganywaje."

Mzee alicheka hadi shoka likasimama. "Hatudanganyi. Lakini sikiliza. Mteja wa mbali huomba sampuli, sivyo? Twiga wa sampuli anachongwa na nani? Na fundi bora tuliye naye. Siku mbili nzima, na sote tunamkosoa. Anatumwa, mteja anafurahi, anaagiza elfu moja. Sasa hao elfu moja wanachongwa na kila mwenye mkono, mpaka shemeji ya mtu aliyekuja kutembea."

"Huo si udanganyifu?"

"Ungetaka nifanyeje? Fundi bora ni mmoja, twiga ni elfu. Sampuli inakuonyesha tunachoweza. Haikuonyeshi tutakachofanya."

Akamgeuza twiga, akaanza upande wa pili. Alisema kuna mteja mmoja, mwanamke, ambaye kwa miaka aliyofanya nao kazi hakuwahi kuomba sampuli. Alikuja mzigo ukiwa umekwisha kufungwa, akaomba sanduku fulani lifunguliwe, akapitisha mkono katikati, chini ya wale waliopangwa juu kwa macho, akatoa twiga mmoja. Huyo ndiye aliyemtazama. Akiwa mbaya, hakuna malipo ya pili hadi sanduku zima lirudiwe. "Mwanzoni tulimchukia. Baadaye tukawa tunampangia wazuri katikati pia. Na katikati kukishakuwa kuzuri, basi kote ni kuzuri, maana huwezi kujua atachagua sanduku gani."

Dada akauliza juu ya arbuni, kama ni ya kuogopa.

"Arbuni ndiyo inayonunua mti. Asiyetaka kuitoa anataka mimi nimkopeshe mti. Nitamjibu vizuri, lakini kazi yake itakaa nyuma ya wengine. Ila mtu anayedai pesa yote kabla ya kuchonga, huyo usimpe. Huyo hana mti wala hana shoka."

Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya kuagiza bidhaa ng'ambo. Karibu yote yamejaa majukwaa, programu za simu na namna ya kumjua tapeli kwa picha zake. Yana faida yake. Lakini yote humtazama muuzaji kwa mashaka kutoka nje, na hakuna lililowahi kuniweka upande wa pili wa meza kama mzee yule mwenye twiga katikati ya miguu. Mtu wa Machakos ana bahati asiyoitumia. Kabla hajawahi kuwa mnunuzi wa ng'ambo, ndugu zake wamekuwa wauzaji wa ng'ambo kwa vizazi, wa vinyago, wa vyondo vya katani, na sasa wa suruali za Athi River. Kila hila ya muuzaji wa mbali, kuna shangazi anayeijua kwa kuifanya.

Treni ya kurudi iliondoka kituo cha Miritini, Mombasa, saa tisa alasiri. Yiwu ilikuwa saa mbili usiku, na wauzaji wa kule hawafungi simu kwa sababu ya giza. Dada aliandika ujumbe akaufuta, akaandika tena. Aliomba bei ya FOB Ningbo badala ya ile ya mlangoni. Alipunguza oda hadi katoni chache, za rangi mbili tu, nyeusi na buluu ya sare, ambazo asipoziuza Januari ataziuza Mei. Alikubali arbuni ya asilimia 30. Zitakuja ndani ya kontena la mchanganyiko, kwa jina la mwingine, safari hii na labda inayofuata. Wakati huohuo atampa mjomba kazi ya kutafuta tarakimu sahihi za zipu kwenye kitabu cha ushuru na wakala wa kuaminika, ili oda ikikua iingie kwa PIN yake mwenyewe ya KRA. Juu ya kila katoni aliagiza iandikwe alama yake na MACHAKOS kwa herufi kubwa, pande tatu.

Kisha akaongeza mstari mmoja: sampuli usinitumie. Ukimaliza kufunga, nipigie simu ya video. Nitakutajia namba ya katoni, uifungue mbele yangu, utoe zipu za katikati, uzivute.

Jibu liliingia tulipokuwa tunakaribia Voi. Muuzaji alikubali video, akauliza kama rafiki yake mpya amewahi kufanya kazi kiwandani, akapandisha bei kidogo.

Dada alinisomea kwa sauti, akacheka hadi abiria wa kiti cha mbele akageuka. "Amepandisha," alisema, akianza kuandika jibu. "Kumbe ile ya kwanza ilikuwa ya zipu za juu peke yake."